Kusokota uzi wa pamba kwa mkono ukiwa Tabora: kazi kubwa iko kwenye kuandaa pamba

Binti Isevya (mleta mada)

Habari za jioni wana jukwaa.

Kila mtu akiuliza humu namna ya kujifunza kusokota uzi kwa mkono, majibu yanakuwa yale yale: tafuta sufu ya kondoo, agiza kijiti cha kusokotea mtandaoni, angalia video. Ushauri huo unamfaa mtu wa Uingereza au New Zealand. Mtu wa Tabora aanzie wapi? Kondoo wetu ana nywele fupi, hana sufu ya kukata. Lakini tunaishi mkoa ambao Igunga na Nzega wanalima pamba kila msimu. Nimeona vijana wanaoipenda kazi hii wanakata tamaa kwa kuambiwa pamba ni ya mafundi waliobobea, mwanafunzi haiwezi. Hilo linaniuma, kwa hiyo leo naandika kwa urefu.

Msimamo wangu nauweka mapema. Pamba inasokoteka, hata na mtu anayeanza, kwa kijiti chepesi cha kuning'inia. Kinachowashinda wengi ni kuishika pamba ikiwa bado haijaandaliwa. Mtu anachukua donge kutoka kwenye gunia, anaanza kuvuta, uzi unakatika, analaumu mikono yake. Mikono haina kosa. Robo tatu ya kazi hii inafanyika kabla kijiti hakijazunguka.

Anza na pamba yenyewe. Uvunaji kwetu unaanza Mei na kuendelea, hivyo ukiwa na ndugu mkulima mwombe mfuko mdogo tu wa pamba safi. Pamba fifi, ile ya daraja la chini, usiichukue, ina madoa na nyuzinyuzi dhaifu. Angalia pia isiwe inanata vidoleni. Pamba iliyoshambuliwa na vidukari inabaki na utomvu wao wenye sukari, na hiyo itakusumbua mpaka mwisho. Katika uzito wa pamba yenye mbegu, theluthi moja hivi ndiyo pamba nyuzi, nyingine ni mbegu. Usishangae mfuko uliojaa ukikupa kiasi kidogo.

Kuchambua mbegu: tafuta ubao mgumu uliopigwa randa vizuri na kipande cha nondo laini, isiyo na mistari, unene wa milimita 8 au 10. Weka fungu moja la pamba na mbegu yake juu ya ubao, weka nondo juu yake, kandamiza kwa viganja viwili huku unaiviringisha kwenda mbele. Mbegu haiwezi kupita chini ya nondo, inasukumwa mbele mpaka inachomoka, na pamba inabaki nyuma imelala bapa. Fungu moja moja, usiwe na pupa. Ukichambua kwa vidole pia inawezekana, ila utaacha vifundo vidogo vidogo, na kila kifundo kitakuja kuwa uvimbe kwenye uzi.

Baada ya hapo ipige kwa upinde. Fito inayopindika, urefu wa mkono, na mshipi wa kuvulia uliokazwa. Uzi wa upinde uguse pamba, kisha uuvute na kuuachia. Pamba inarukaruka, inafunguka, vumbi na vipande vya majani vinadondoka chini. Endelea mpaka rundo livimbe na usione donge hata moja. Fanyia nje au kwenye chumba chenye hewa, na funga kitambaa puani, maana vumbi la pamba si zuri kwa kifua. Wenye brashi mbili za waya za kuchania mbwa wanaweza kuzitumia badala ya upinde, ila upinde haugharimu kitu.

Halafu viringisha. Tandaza pamba nyembamba sana ubaoni, upana wa kiganja, kiasi kwamba unaona rangi ya ubao chini yake. Weka juu yake spoku ya baiskeli au sindano ya kufumia, viringisha pamba kuizunguka bila kukaza, kisha chomoa spoku. Unabaki na kibomba chepesi, unene wa kidole cha mwisho. India wanakiita puni, na wao ndio walimu wakubwa wa pamba ya mkono duniani. Tengeneza vibomba vingi kabla hujaanza kusokota, uvilaze kwenye boksi visigandamane.

Sasa kijiti. Kinachoning'inia kinahitaji vitu vitatu: mti ulionyooka, kisahani cha duara cha kukipa uzito, na ndoana ndogo juu. Kwa pamba, jumla isizidi gramu 20 hivi. Vijiti vingi vinavyouzwa kwa ajili ya sufu vina gramu 30 hadi 60, ndiyo maana vinakata pamba. Unyuzi mmoja wa pamba yetu una sentimita 2.5 hadi 3 tu, mfupi, hauna mawimbi wala magamba ya kushikana kama wa sufu. Unaoshikilia pamba isiachane ni msokoto hasa. Kijiti kizito kinavuta kabla msokoto haujatosha, uzi unaachia.

Funga uzi wa pamba wa dukani kwenye kijiti, urefu wa kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole, upitishe kwenye ndoana. Ncha yake ichanue kidogo, ilaze juu ya ncha ya kibomba, shika zote mbili kwa vidole. Na hapa nawasihi: msifanye kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza zungusha kijiti kuelekea kulia mpaka uzi wa kuanzia uwe umejaa msokoto, ukiulegeza tu unajikunja. Kibane kijiti katikati ya magoti kisizunguke tena. Sasa ndiyo uvute kibomba taratibu kwenda nyuma, kwa mkono ulioshika kwa wepesi sana, na uachie msokoto upande kwenye pamba. Utauona unapanda. Sehemu nyembamba inaushika kwanza na kukaza, sehemu nene inabaki laini na bado inavutika, kwa hiyo ukiendelea kuvuta kidogo uvimbe wenyewe unanyooka. Ukihisi pamba inaanza kuteleza na kuachana, acha kuvuta, ongeza msokoto. Kisha zungushia ulichopata kwenye kijiti, karibu na kisahani, rudi mwanzo.

Polepole hivyo hivyo, mikono itajifunza yenyewe lini iunganishe kazi hizo mbili. Karibuni kwa maswali.

Nzega One

Dada, hongera sana, hii mada nimeitafuta muda mrefu. Mimi niko Nzega, pamba ipo hadi chini ya kitanda. Swali langu: mke wangu ana pamba ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda. Ni nyeupe na haina mbegu. Hatuwezi kurahisisha kazi kwa kuanza na hiyo?

Binti Isevya

Nzega One, inasokoteka, ila siishauri kwa anayeanza. Ile imechemshwa na kupaushwa kiwandani, nta yake ya asili imeondolewa, na mara nyingi nyuzinyuzi zake ni fupi zaidi zilizobaki kwenye kazi nyingine. Ukivuta inakwama, halafu inaachia ghafla. Pamba mbichi ya shambani ina nta kidogo inayofanya nyuzinyuzi ziteleze kwa mpangilio. Wewe una bahati ya kuwa na pamba iliyo bora kuliko ya duka la dawa, itumie hiyo.

FundiMninga

Mimi ni seremala, mambo ya uzi siyajui, ila kwenye kijiti naweza kusaidia. Nimepiga hesabu ya mninga mkavu. Kisahani cha upana wa sentimita 5 na unene wa sentimita 1 kinakuja gramu 12 hivi. Mti wa urefu wa sentimita 25 na unene wa milimita 8 unakuja gramu 7 au 8. Jumla ndiyo hiyo 20 aliyoitaja mleta mada. Vipande vya kutengeneza vitu hivi vinatupwa kila siku kwenye karakana zetu hapa Tabora, mwombe fundi yeyote, hatakukatalia.

La muhimu ni tundu liwe katikati kabisa. Chora duara kwa bikari, usifute ile alama ya sindano, toboa hapo hapo kabla hujakata duara. Wengi wanakata kwanza halafu wanakisia katikati. Kikiwa kimeenda pembeni hata milimita 2, kijiti kitatikisika na mzunguko utakufa mapema. Na mti usiwe na nyuzi za mbao zilizokwenda upande, ukikauka utapinda.

Binti Isevya

FundiMninga, Mungu akubariki. Hiyo ya kutoboa kabla ya kukata ni dhahabu.

Kwa wasio na mizani ndogo: ning'iniza rula katikati kwa uzi mpaka ilale sawa. Upande mmoja funga kijiti chako, upande wa pili, umbali ule ule kutoka katikati, funga kimfuko chepesi cha nailoni, kisha tia maji kwa sirinji. Mililita moja ya maji ni gramu moja. Rula ikilala sawa baada ya mililita 20, umepata.

Na kama fundi yuko mbali, sahani moja ya CD ya zamani ina gramu kama 15 au 16. Ukiipitishia penseli au mti mwembamba na kukaza tundu kwa mpira, inafanya kazi vizuri kabisa.

Mjini Kati

Samahani kwa kuuliza hivi, siji kuharibu mada. Mtaani kwetu uzi wa kufumia unauzwa bei ya kawaida, rangi zote zipo. Mtu aache kazi zake akaviringishe nondo juu ya ubao ili apate uzi wa kufumia kitambaa kimoja? Faida yake kiuchumi iko wapi? Nauliza kwa nia njema.

Mwl Ipuli

Mjini Kati, swali lako ni la haki, tulifanyie hesabu. Chukua kitambaa kizito cha upana wa mita 1 na urefu wa mita 1.5, chenye nyuzi 10 kwa kila sentimita. Mtande, yaani nyuzi za urefu, una nyuzi 1,000, kila moja mita 1.5, hizo ni mita 1,500. Mshindio, yaani nyuzi za upana, nao unakuja mita 1,500. Jumla mita 3,000, hapo hujahesabu zile zinazopotea kwenye kufunga na kumalizia. Msokotaji mzuri akitoa mita moja kwa dakika bila kusimama, ni saa 50 za kusokota peke yake. Kuchambua, kupiga upinde na kufuma bado.

Ndiyo maana nguo ilikuwa mali. Kwenye njia ya misafara iliyopita hapa Tabora, karne ya 19, nguo ndiyo ilikuwa fedha: merikani kutoka Marekani na kaniki kutoka India. Mizigo ya nguo ilibebwa kichwani kutoka pwani kwa ajili ya kununulia chakula na kulipia hongo za njiani, yaani ushuru wa kupita. Mwanafunzi wangu akisoma habari hiyo kitabuni haimwingii. Akisokota hata mita chache kwa mkono wake, anaelewa mara moja kwa nini mtu alikubali kulipwa kwa nguo.

Binti Isevya

Mwalimu kamaliza sehemu kubwa. Naongeza upande wangu. Mjini Kati, simwambii mtu afungue biashara ya kushindana na kiwanda, nitakuwa namdanganya. Mimi napenda kujua nguo yangu imetoka wapi, hatua kwa hatua, kutoka kwenye tumba mpaka mwilini. Mkoa wetu unalima pamba, na mji wenyewe uliwahi kuwa na kiwanda cha kusokota nyuzi, lakini watoto wengi wanaokua hapa hawajawahi kuona pamba ikigeuka uzi. Nadhani hilo ni pengo kubwa na linazibika kwa kijiti na ubao.

Isitoshe, uzi mwingi wa kufumia unaouzwa kama sufu ni akriliki, plastiki. Wa pamba unanyonya jasho na maji. Kwa taulo la mtoto au kitambaa cha jikoni tofauti utaiona siku ya kwanza.

Ujiji Kwetu

Nimesoma yote kwa makini. Mimi niko Ujiji, umri umekwenda, na nyavu nimezishona tangu ujana. Naomba nipingane na binti kwa jambo moja, kwa heshima.

Binti kasema kijiti kining'inie. Kwa pamba mimi nasema kisimame. Chukua kijiti cha mshikaki, chonga ncha ya chini iwe na mviringo laini, kitie kisahani kidogo karibu na ncha hiyo; hata donge la udongo mkavu lenye ukubwa wa kifungo cha koti linatosha. Kisimamishe ndani ya bakuli la kauri au kipande cha kifuu, ukizungushe kwa vidole gumba na cha shahada. Uzito wote unabebwa na bakuli, uzi haubebi kitu. Utasokota uzi mwembamba ambao kijiti cha kuning'inia hakiwezi kuuvumilia hata kikiwa cha gramu 10. India wana kijiti cha namna hiyo chenye kisahani cha shaba, nacho kinazunguka kasi sana.

La pili ni hewa. Pamba inapenda unyevu. Huku kwetu ziwa linatusaidia, asubuhi hewa ina maji na pamba inakuwa tulivu. Tabora mwezi wa Agosti na Septemba ni kukavu, pamba inasimama nywele, inarukia nguo, uzi unakatika bila sababu. Viwanda vya nyuzi vinarushia mvuke wa maji kwa sababu hiyo hiyo. Sokoteni alfajiri, au tandazeni kitambaa kibichi karibu na mahali mnapokaa. Na vidole viloweshwe kidogo wakati wa kulainisha uzi.

La tatu, vijana mjue kuwa hili si jambo geni lililoletwa na intaneti. Wafipa, kusini mwetu, walifuma nguo ya pamba iitwayo seketa, na uzi wake ulisokotwa kwa mkono. Na Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyungu vilivyosagwa kuwa duara na kutobolewa katikati. Ni visahani vya kusokotea, vya mamia ya miaka. Mtu alivunja chungu, akaokota kigae, akakifanyia kazi. Mwenye kigae na mchanga wa kusagia anaweza kufanya hivyo leo.

Binti Isevya

Shikamoo mzee wangu. Asante sana kwa mchango huu.

Kuhusu hewa nakubaliana nawe kwa asilimia zote, na nilipaswa kuiweka juu kabisa maana ndiyo inayowatesa watu wa Tabora wakati wa kiangazi. Kuhusu kijiti cha bakuli, kwa uzi mwembamba huna mpinzani. Ila kwa anayeanza nabaki na cha kuning'inia, na sababu yangu ni hii: ukikibana magotini mikono yote miwili inakuwa huru, moja inashika, nyingine inavuta. Cha bakuli kinataka mkono mmoja ukizungushe muda wote, na mwanafunzi anakuwa anajifunza kuvuta kwa mkono mmoja tu kabla hajaijua pamba. Akishaizoea, ahamie kwenye bakuli.

Ujiji Kwetu

Marahaba binti. Hoja yako ina uzito. Basi waanze na cha kuning'inia, lakini wasikae nacho muda mrefu.

Kasulu Mpya

Wazee na wakubwa, nina swali tofauti. Kwetu kuna mti wa msufi, maganda yakipasuka sufi inatapakaa uani. Ni laini kuliko hata pamba. Hiyo haisokoteki?

Ujiji Kwetu

Sufi iache kwenye mito na magodoro. Unyuzi wake ni bomba tupu lenye hewa, una nta, unateleza mno na unavunjika kirahisi. Hauna msokoto wa asili. Unyuzi wa pamba unapokauka tumba likifunguka unajipinda wenyewe, na mipindo hiyo ndiyo inayofanya nyuzinyuzi zishikane. Sufi haina mipindo hiyo. Wapo wanaoichanganya kidogo na pamba, lakini kwa kijiti cha mkono, peke yake, utajichosha.

Mama Vitambaa

Jamani mimi nilijaribu mwaka jana na uzi nikapata, msiniulize ulikuwaje. Mimi kazi yangu ni kufuma vitambaa vya makochi. Tatizo lilikuja nilipotaka kuufuma. Nikiutoa kwenye kijiti unajikunja wenyewe, unakuwa vifundo, kitambaa kinapinda upande mmoja hata nikipiga pasi. Nikauweka pembeni. Tatizo ni nini?

Binti Isevya

Mama Vitambaa, uzi wako ni mzima kabisa. Ulikuwa bado nusu ya safari. Uzi mmoja uliosokotwa una nguvu ya kutaka kujirudia, na pamba inapewa msokoto mwingi kuliko sufu, kwa hiyo inajikunja zaidi. Dawa ni kuunganisha nyuzi mbili na kuzisokota pamoja kwa upande ulio kinyume.

Fanya hivi. Jaza kijiti cha kwanza, uhamishie uzi kwenye bobini ya karatasi ngumu. Jaza tena, hamishia kwenye bobini ya pili. Ziache zilale usiku mzima, msokoto utatulia na hazitakusumbua. Kesho yake ziweke bobini mbili ndani ya bakuli mbili tofauti, zisigongane, shika ncha zote mbili pamoja, zifunge kwenye kijiti. Kama ulisokota kuelekea kulia, sasa zungusha kuelekea kushoto. Weka kidole kati ya nyuzi mbili, zibaki zimekazwa kwa usawa; ikilegea moja, itajizungusha juu ya mwenzake na utapata uzi wa vinundu.

Utajuaje msokoto wa kurudi umetosha? Toa kipande cha urefu wa mkono bila kukikata, kiache kining'inie kitanzi. Kitanzi kikibaki wazi, pande mbili hazigusani, nguvu zimelingana. Kikijizungusha kuelekea ule upande wa mwanzo, umezidisha, punguza. Kikijizungusha kuelekea upande wa pili, ongeza msokoto.

Mama Vitambaa

Kumbe! Naenda kuutafuta ule uzi, nadhani uko kwenye kabati bado. Na ule mnene wenye uvimbe uvimbe, niutupe?

Nzega One

Usitupe mama. Sisi huku bado tuna vibatari, utambi wa pamba mnene ndiyo wenyewe. Unavuta mafuta ya taa vizuri kuliko kitambaa kilichochanwa.

Mama Vitambaa

Haya, utambi utakuwa wangu wote mwaka huu. Sasa mleta mada, nikishaunganisha nyuzi mbili, naweza kufuma moja kwa moja? Na unafua vipi, maana nasikia unachemshwa?

Binti Isevya

Uchemshe kabla ya kufuma, tafadhali usiruke hatua hii. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti upate duara kubwa, lifunge sehemu nne kwa kamba za pamba bila kukaza, kusudi lisichafukane ndani ya maji. Tia maji mengi kwenye sufuria, kwangua sabuni ya mche kidogo, weka na kipande kidogo cha magadi. Sufuria iwe ya enameli au chuma cha pua. Magadi yanakula aluminiamu na kuacha weusi kwenye uzi. Tumbukiza uzi, uchemke kwa moto mdogo muda wa saa moja hivi.

Mwanzoni uzi utaelea na kukataa kuzama, maana bado una nta. Kadiri unavyochemka maji yanageuka rangi ya chai, na uzi unashuka chini taratibu. Ukishazama wenyewe na kukaa chini, umeiva. Uache upoe humo humo, usuuze mpaka maji yatoke meupe, uukamue bila kuusokota, kisha uukung'ute mara kadhaa kwa nguvu ukiwa umeushika kwa mikono miwili. Anika kivulini, usining'inize kitu kizito chini yake.

Hapo msokoto umetulia, na uzi umeshasinyaa kiasi chake. Kitambaa cha kochi utakachofuma nao hakitabadilika sana ukikifua. Kuhusu nguvu usiwe na wasiwasi, pamba ikilowa inakuwa imara zaidi kuliko ikiwa kavu.

Kasulu Mpya

Na kibomba kikiisha katikati ya kusokota, unaungaje? Mimi hapo ndipo ninapokwama, kiungo kinaachia kila mara kijiti kikishuka.

Ujiji Kwetu

Usifunge fundo, kijana. Acha ncha ya uzi ibaki na pamba isiyosokotwa, upana wa vidole viwili, ichanue iwe nyembamba. Ncha ya kibomba kipya nayo ichanue hivyo hivyo. Zilaze moja juu ya nyingine, siyo kichwa kwa kichwa. Bana hapo kwa vidole vya mkono mmoja, uachie msokoto uingie mpaka upite kiungo chote, ndipo uvute kidogo sana. Kama kinaachia, maana yake ncha ya uzi wako ilikuwa imeshasokotwa tayari, pamba mpya haina pa kushika. Ifungue kwanza kwa kuizungusha kinyume, kisha uunge. Na usikiachie kijiti kining'inie mpaka kiungo kimezungushiwa kwenye mti.

FundiMninga

Mama Vitambaa na Kasulu Mpya, nina vipande vya mninga vimebaki kwenye kazi ya vitanda. Natoboa visahani kesho mchana. Mleta mada, ndoana iwe ya waya wa unene gani?

Binti Isevya

Fundi, waya wa milimita 1 au 1.5 unatosha, usiwe na kutu. Pinda kwa koleo kidogo, mdomo wa ndoana uje juu ya katikati ya mti kabisa, usiende pembeni. Ncha ya waya ipigwe msasa, la sivyo itakamata pamba kila ukizungusha.